Pengo la Wiki ya Nane

Katika mitaa mipya ya Kitengela, ua hujengwa kabla ya nyumba, na mbwa hufika kabla ya mwenye nyumba. Ploti ikishazungushiwa ukuta huko Milimani, au kando ya barabara ya Namanga ukielekea Kisaju, hupata geti la chuma, kisha bango la "Mbwa Kali", kisha mbwa mwenyewe, ambaye mara nyingi ni mtoto wa wiki saba asiyejua bado kubweka. Sensa ya 2009 ilikuta watu 58,167 Kitengela. Ile ya 2019 ikakuta 154,436. Viwanda vya Athi River, bei za ploti zilizokuwa nafuu kuliko za Nairobi, na lami inayoshuka hadi mpakani vimeleta familia kwa maelfu, na kila familia yenye geti imetafuta wa kulilinda.

Mbwa nao wameongezeka kwa mtindo wa wenyeji wao: wengi wametoka kwingine, na wengi ni wachanga. Uchanga huo si wa Kitengela peke yake. Ukivuka mpaka wa kaunti kuingia Machakos, Philip Kitala na wenzake walifanya utafiti wa mbwa wa vijijini uliochapishwa mwaka 2001, wakakuta kwamba nusu yao walikuwa na umri wa mwaka mmoja au chini ya hapo. Jike aliyezaliwa huko alitarajiwa kuishi miaka 2.4, dume 3.5. Jamii ya mbwa ya namna hiyo hujazwa upya kila msimu na watoto ambao miili yao haijakutana na chochote, na virusi vinavyowapenda watoto havikosi makao.

Chukua watoto wawili wa mbwa, mama mmoja baba mmoja, waliosafirishwa ndani ya boksi moja na kunusa uchafu uleule. Wote wawili wanapata pavo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Mmoja anaacha kula Jumatatu, anatapika povu Jumanne, anahara damu yenye harufu ambayo aliyewahi kuinusa haisahau, na Alhamisi anazikwa nyuma ya tangi la maji. Ndugu yake anahara siku mbili, anakonda, kisha anarudi kwenye sufuria ya ugali na maziwa. Kila daktari wa mifugo kuanzia Noonkopir hadi Kajiado mjini ameona jozi ya namna hiyo. Virusi ni vilevile, nyumba ni ileile, na mara nyingi hata matibabu ni yaleyale. Jibu la kwa nini mmoja alikufa limo katika kinga ya mwili, na sehemu kubwa ya jibu hilo ilikuwa imeshaandikwa kabla ya mwenye mbwa kuona dalili yoyote.

Ugonjwa wenyewe ni mgeni duniani. Kabla ya 1978 hakuna daktari aliyekuwa ameuelezea kwa mbwa; kufikia 1980 ulikuwa umeshazunguka dunia. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Leland Carmichael na Max Appel walikuwa miongoni mwa waliokimbizana kuutambua na kuutafutia chanjo, na katika miezi ya mwanzo madaktari wengi walilazimika kuwachoma mbwa chanjo iliyotengenezwa kwa ajili ya paka. Haikuwa kubahatisha. Virusi vipya vilifanana mno na vile vinavyoharisha paka, tofauti ikiwa mabadiliko machache tu kwenye ganda la nje, lakini machache hayo yaliwapa ufunguo wa seli za mbwa. Mwaka 1978 hakukuwa na mbwa mwenye kinga, mzee wala mchanga. Wakafa wa kila umri, na watoto wengi walianguka ghafla kwa sababu virusi vilikuwa vimeingia kwenye misuli ya moyo, ambayo katika wiki za kwanza za maisha bado inakua. Leo pavo ya moyo ni nadra, maana kizazi kile kilipopata kinga, mama walianza kuwarithisha watoto wao, na watoto wakapita wiki hizo za kwanza salama.

Kirusi cha pavo ni kidogo hata kwa kipimo cha virusi. Upana wake ni takribani nanomita 26, na maagizo yake yote ya urithi ni uzi mmoja wa DNA wenye herufi zipatazo 5,000, ilhali binadamu ana bilioni tatu. Hakina utando wa mafuta kwa nje, kwa hiyo sabuni ya kawaida na zile sanitaiza zilizobaki tangu enzi za korona hazikisumbui. Dawa ya klorini, Jik kwa mfano, hukiua, ila uchafu lazima uoshwe kwanza. Gramu moja ya kinyesi cha mbwa mgonjwa inaweza kubeba hadi virusi bilioni moja. Kwenye kivuli na unyevu vinaweza kukaa miezi, pengine mwaka. Msomaji anayejua udongo mweusi wa Kitengela, ule unaong'ang'ania viatu na magurudumu wakati wa masika hadi mtu anatembea na kilo mbili kila mguu, hahitaji kuelezwa jinsi ugonjwa unavyopita geti lililofungwa kwa kufuli.

Kinachofanya virusi hivi viwe hatari ni uchaguzi wao wa makazi. Havina kimeng'enya chao cha kunakili DNA, kwa hiyo lazima viingie ndani ya seli iliyo katikati ya kugawanyika na kutumia vifaa vyake. Mlango vinaoutumia ni kipokezi cha transferini, ambacho kazi yake halali ni kuingiza madini ya chuma. Seli inayogawanyika upesi huhitaji chuma kingi na huweka milango mingi nje, na kwa hiyo virusi huletwa moja kwa moja mahali panapovifaa. Katika mwili wa mbwa wa wiki nane, seli za namna hiyo ziko wapi? Ziko kwenye tezi za limfu, kwenye tezi ya thaimasi iliyo kifuani, kwenye uboho wa mifupa na kwenye utumbo. Ukiacha utumbo, orodha hiyo ni karibu viwanda vyote vya kinga ya mwili.

Safari huanzia kooni. Mtoto wa mbwa hulamba kila kitu. Virusi hutua kwenye tezi za koo na kuzaliana humo siku mbili za kwanza. Siku ya tatu au ya nne vimeshaingia kwenye damu, navyo vimeanza kutoka kwenye kinyesi, huku mtoto bado anacheza na kukimbilia viatu vya wageni. Kisha vinafika utumbo mwembamba. Ukuta wa ndani wa utumbo umefunikwa na vijinyuzi vingi vifupi, kama zulia, vinavyofyonza chakula na maji. Vijinyuzi hivyo huchakaa kila siku na kufanywa upya na seli zilizo kwenye vishimo chini yake. Pavo haishambulii kijinyuzi chenyewe. Huua seli za vishimoni. Kwa siku moja au mbili hakuna kinachoonekana, kwa sababu seli za zamani bado zipo. Zinapochakaa bila kupata warithi, zulia lote huporomoka. Ndipo kuhara damu kunapoanza.

Hapo ndipo kinga inapopimwa, na inapimwa katika saa mbaya kuliko zote. Tezi za limfu zimeshaharibiwa, na uboho hautoi tena chembe nyeupe za kutosha. Tena kuna hila moja ya kikatili: kinga inapoamka, limfositi, aina mojawapo ya chembe nyeupe, hujibu kwa kugawanyika upesi, na seli inayogawanyika ndiyo virusi vinayoitafuta. Wakati huohuo ukuta wa utumbo umetoboka, na bakteria wa kawaida wa tumboni, hasa E. koli, wanapita kuingia kwenye damu. Sumu zilizo kwenye maganda yao huchochea chembe zilizobaki kumwaga kemikali za kengele ziitwazo sitokaini. Moja kati yake, ifahamikayo kwa herufi TNF, ikimwagika kwa kiasi humsaidia mgonjwa. Ikifurika, mishipa hulegea, shinikizo la damu hushuka, damu huanza kuganda mahali pasipofaa. Mbwa wengi wanaosemwa wamekufa kwa pavo wamekufa kwa upungufu wa maji, kwa bakteria wao wenyewe, na kwa mwitikio wa mwili wao uliokosa breki.

Kwa hiyo kusema kwamba mbwa fulani "alikuwa na kinga dhaifu" ni kusema nusu ya jambo. Mtoto aliyekufa Alhamisi alikuwa na upungufu wa aina moja ya kinga na ziada ya nyingine, kwa saa zilezile.

Utafiti uliosaidia sana kulielewa hili ulifanyika barani Afrika, katika Onderstepoort, kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Pretoria. Amelia Goddard na wenzake walichapisha mwaka 2008 matokeo ya watoto wa mbwa 62 waliolazwa wakiwa na pavo, wakihesabiwa chembe nyeupe za damu kila siku. Hesabu ya siku ya kwanza haikuwa mtabiri mzuri kama mtu angedhani. Kilichotofautisha waliopona ni saa 24 na 48 zilizofuata: limfositi zao zilipanda tena na kuvuka 1,000 kwa kila mikrolita ya damu. Waliokufa walibaki chini. Kikundi hichohicho cha Onderstepoort kilikuwa kimeonyesha mwaka mmoja kabla kwamba mbwa wenye kotisoli nyingi, homoni ya msongo, na homoni chache za tezi ya shingo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa. Picha inayojitokeza ni ya mwili unaoshindania muda. Uboho ukifufuka kabla ya bakteria kushinda, mbwa ataishi.

Ingeonekana basi kwamba tiba ni kuulazimisha uboho ufanye kazi. Watafiti wa Marekani walijaribu, kwa kuwachoma wagonjwa homoni inayochochea utengenezaji wa neutrofili, zile chembe nyeupe zinazomeza bakteria. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikuwa ya kutafakarisha: hesabu ya neutrofili ilipanda kama ilivyotarajiwa, lakini mbwa waliotibiwa hivyo hawakuishi vizuri kuliko wengine, maisha yao yalikuwa mafupi zaidi. Kuongeza chembe katika mwili uliokwisha kufurika sitokaini hakukuwa msaada uliodhaniwa. 

Turudi nyuma ya wiki ya ugonjwa, maana ndiko tofauti ya wale ndugu wawili ilikoanzia.

Kondo la nyuma la mbwa hupitisha kingamwili chache sana. Karibu zote humfikia mtoto kupitia dang'a, maziwa ya kwanza mazito, na mlango wa utumbo wake wa kuzipokea hufungwa baada ya takribani siku moja. Mama mwenye watoto tisa na chuchu zinazogombaniwa hawagawii sawasawa. Aliyezaliwa mwanzo, mnene, akanyonya vya kutosha, anaondoka na akiba kubwa; wa mwisho, aliyesukumwa pembeni usiku ule, anaondoka na robo yake. Wanalala pamoja na wanafanana, lakini kwa habari ya pavo ni wanyama wawili tofauti.

Akiba hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya siku kumi hivi. Hesabu yake ni rahisi na inastahili kufanywa. Kingamwili za pavo hupimwa kwa namba, na 80 huhesabiwa kuwa kiwango kinachomlinda mtoto. Mtoto aliyeanza na 640 atafika 80 baada ya kupungua kwa nusu mara tatu, yaani akiwa na siku 30. Kuanzia hapo virusi vya mtaani vinaweza kumwingia. Lakini kingamwili za mama hazijaisha. Zimebaki za kutosha kuizima chanjo, kwa kuwa virusi vilivyofifishwa vya kwenye chanjo ni dhaifu kuliko vya mtaani. Zinahitaji kushuka hadi karibu 20 ndipo chanjo ishike, na hiyo ni siku ya 50. Kwa siku ishirini nzima mlango uko wazi kwa ugonjwa na umefungwa kwa chanjo. Chanjo za kisasa zimefupisha pengo hilo, hazijaliziba. Ndugu yake aliyeanza na 160 alifika 80 akiwa na siku kumi tu, na pengo lake lilikwisha zamani. Aliyeanza na 2,560 bado yuko salama wakati wenzake wanaugua, ila chanjo ya wiki ya sita na ya nane kwake ni maji matupu.

Ndiyo sababu Chama cha Madaktari wa Wanyama Wadogo Duniani, kinachojulikana kwa kifupi WSAVA, hakipendekezi chanjo moja. Ratiba yake huanza wiki ya sita hadi ya nane, hurudiwa kila wiki mbili hadi nne, na haikomi mpaka mtoto afikishe wiki 16 au zaidi, kisha nyingine akiwa na miezi sita au mwaka. Hakuna anayeweza kujua kwa macho pengo la mtoto yupi linaangukia lini. Chanjo hurudiwa ili mojawapo iangukie siku yenyewe.

Sasa linganisha ratiba hiyo na desturi ya biashara. Mtoto wa mbwa huuzwa akiwa wiki ya sita hadi ya nane, kwa sababu ndipo anapovutia na ndipo anapoanza kumlia mfugaji chakula. Ameachishwa ziwa juzi. Kuachishwa ziwa hubadilisha bakteria wa tumboni na kuzifanya seli za vishimoni zigawanyike kwa kasi zaidi. Amebebwa kwenye boksi ndani ya matatu, amelala usiku wa kwanza bila mama, na kotisoli imepanda. Tumboni ana minyoo, maana aina mojawapo hupita kwa mama tangu tumboni na nyingine hupita kwenye maziwa, na utumbo unaoumwa na minyoo huongeza kasi ya kujirekebisha, yaani kugawanya seli. Mambo yote yanayoifaa pavo hukusanyika katika wiki ileile ambayo mnunuzi wa Kitengela anamfungulia geti. Kisha mnunuzi humwonyesha majirani.

Mbegu anazopendelea mnunuzi huyo nazo zina lake. Katika vitabu vya tiba ya mbwa, Rottweiler, Doberman na German Shepherd wametajwa kwa muda mrefu miongoni mwa wanaougua pavo vibaya, na hao ndio hasa wanaotakiwa getini. Inakadiriwa kwamba mbwa mmoja kati ya 1,000 hatengenezi kinga ya pavo hata achomwe mara ngapi, kwa sababu ya urithi. Wafugaji wengi husema mbwa wa kienyeji, wale wanaotembea na mbuzi katika boma za Wamasai kuelekea Isinya na Kajiado, hawapati pavo. Wanapata. Waliopo walikutana nayo wakiwa wadogo, wakapona, wakawapa watoto wao dang'a yenye nguvu. Walioshindwa hawapo kuhesabiwa.

Malalamiko yanayosikika sana kwenye agroveti ni kwamba chanjo ilikuwa feki. Pengine mara moja moja ni kweli, na chanjo iliyotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 haivumilii umeme unaokatika wala safari ya pikipiki juani bila barafu. Lakini mara nyingi chanjo ilikuwa nzima na tarehe ndiyo iliyokosea: ilichomwa mara moja tu, mapema, ikazimwa na maziwa ya mama, kadi ikaandikwa "amechanjwa". Kuna mkanganyo mwingine unaoua kimyakimya. Kenya ina mkakati wa kutokomeza kichaa cha mbwa wa miaka ya 2014 hadi 2030, unaolenga kuchanja asilimia 70 ya mbwa, na kampeni za bure hufanyika, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ni kazi muhimu mno, inaokoa watoto wa binadamu. Sindano hiyo haina habari na pavo. Mwenye mbwa aliyepanga foleni chini ya mti na kurudi na cheti ana haki ya kuambiwa hivyo palepale.

Mbwa akishaugua, ukweli usiopendwa ni kwamba hakuna dawa ya kuua virusi vya pavo inayopatikana kwenye rafu za agroveti. Matibabu ni kumbeba mgonjwa mpaka uboho uamke: maji ya mishipa yenye chumvi na sukari inayopimwa, dawa ya kuzuia kutapika, antibayotiki kwa ajili ya bakteria waliovuka ukuta. Asipotibiwa, uwezekano mkubwa ni kufa. Akitibiwa vizuri na mapema, wengi hupona. Glukosi kwa kijiko, yai bichi na vidonge vilivyobaki vya binadamu, ambavyo hujaribiwa kwanza katika nyumba nyingi, hutapikwa na kupoteza ile siku moja iliyokuwa na thamani.

Zamani mgonjwa alinyimwa chakula mpaka kutapika kuishe. Onderstepoort tena ndiko desturi hiyo ilikotikiswa. Mwaka 2003 Mohr na wenzake waliwagawa watoto 30 wenye pavo kali: nusu walifungishwa kula kwa utaratibu wa zamani, nusu walipewa chakula chepesi kupitia mpira wa puani saa 12 tu baada ya kulazwa, hata kama bado wanatapika. Wa kundi la kwanza walipona 13 kati ya 15. Wa kundi la pili walipona wote, na walichangamka mapema zaidi. Seli za utumbo hula kile kinachopita ndani ya utumbo. Ukizinyima, ukuta unazidi kutoboka na bakteria wanazidi kuvuka.

Swali la pesa halikwepeki, kwa sababu kumlaza mbwa siku tano kunaweza kuzidi bei aliyonunuliwa. Watafiti wa Colorado, Marekani, walilichukulia swali hilo kwa uzito. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, mbwa 40 walianza kwa kurudishiwa maji kwenye mshipa; kisha nusu wakalazwa kikamilifu, na nusu wakahudumiwa kwa mtindo wa mgonjwa wa nje: maji chini ya ngozi mara tatu kwa siku, antibayotiki ya sindano moja inayodumu, dawa ya kutapika na chakula. Waliolazwa walipona asilimia 90, wale wengine 80. Tofauti hiyo haikuwa kubwa kitakwimu, na kwa familia ya Kitengela ambayo chaguo lake halisi ni kati ya huduma hiyo na kutofanya chochote, asilimia 80 ni habari njema, na inafanyika kwa daktari yeyote aliye tayari kumfundisha mwenye mbwa kushika sindano.

Kinga ya kuazima nayo imejaribiwa. Plazma ya mbwa waliopona, ikitolewa mara moja kwa dozi ndogo baada ya dalili kuanza, haikuonyesha faida. Mwezi Mei 2023 Marekani iliipa kampuni ya Elanco kibali cha masharti kwa kingamwili iliyotengenezwa maabara, inayovishika virusi kwenye damu kabla havijaingia kwenye seli. Wazo ni lilelile la dang'a, likiwa ndani ya chupa.

Upande mmoja wa Kitengela hakuna geti. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, imezungushiwa ua pande zake nyingine, lakini kusini imeachwa wazi ili nyumbu na pundamilia wapite kwenda nyanda za Kitengela na Kaputiei. Mbwa na mbweha hukutana hukohuko. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta kingamwili za pavo kwenye damu ya mbweha wa Kenya. Mwaka huohuo Max Appel, yuleyule wa Cornell, alikuwa mmoja wa walioandika kuhusu mbwa mwitu wa karibu na Masai Mara waliokuwa hatarini kwa ugonjwa mwingine wa mbwa wa nyumbani, distempa. Huko Laikipia, Rosie Woodroffe na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba mbwa mwitu waliogusana zaidi na mbwa wa watu ndio waliokuwa na dalili zaidi za kuwahi kuambukizwa pavo. Serengeti nako, uchambuzi wa damu ya simba na mbwa iliyokusanywa kwa miongo ulionyesha pavo ikizunguka katika jamii zote mbili. Mnyama wa porini hana ratiba ya wiki 16, na watoto wake wana pengo lilelile.

Aliyepona hupata kinga ya miaka mingi, labda ya maisha yake yote. Hata hivyo hajamalizana na ugonjwa. Anaweza kuendelea kutoa virusi kwenye kinyesi kwa wiki mbili hadi nne, kwa hiyo hastahili kutembezwa mtaani kwa furaha ya kupona. Watafiti wa Munich waliowafuatilia waliopona walichapisha mwaka 2018 kwamba asilimia 42 walipata matatizo ya muda mrefu ya tumbo, dhidi ya asilimia 12 ya mbwa ambao hawakuwahi kuugua pavo. Mbwa anayeharisharisha kila mwezi huko Kitengela, na kulaumiwa kwa kula takataka, huenda analipa deni la wiki yake ya nane.

Na ile ploti alimofia yule mtoto wa Alhamisi haifai mtoto mwingine hivi karibuni. Sementi na vyombo huoshwa, kisha humwagiwa Jik kiasi cha sehemu moja kwa thelathini za maji na kuachwa dakika kumi. Udongo hausafishiki namna hiyo. Atakayeletwa baadaye awe mbwa mkubwa aliyekamilisha chanjo zake, au mtoto aliyevuka wiki 16 huko alikozaliwa, na mfugaji aombwe kadi yenye tarehe, si neno "amechanjwa" peke yake.